Mechi iliahirishwa, matangazo hayakuahirishwa

Mshkaji mmoja aliniuliza juzi tukiwa kijiweni: mbona siku hizi jina lako halionekani kwenye ule ukurasa wa utabiri wa Ijumaa? Nikamjibu juu juu kwamba nimechoka, nimewaachia wengine. Akacheka, tukahamia mada nyingine. Lakini jibu lile halikuwa kweli, au tuseme halikuwa kweli yote. Ukweli ni mrefu kidogo na unaanzia Muze, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwa wasiojua (na wengi hamjui, msijifanye), Muze iko mkoa wa Rukwa, chini bondeni. Ukitoka Dar unapanda basi, unalala, unaamka, unalala tena, na bado dereva anakwambia Sumbawanga hatujafika. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukishafika Sumbawanga mjini unavaa jaketi maana baridi ya Ufipa haina mchezo, halafu unakwenda mpaka Ntendo, na kutoka hapo unaanza kuushuka ule ukuta wa milima wanaouita Lyambalyamfipa. Kila kona moja unavua nguo moja. Ukifika chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa umebaki na fulana na jasho, mashamba ya mpunga yako mbele yako, na kule juu ulikotoka unaona ukungu tu.

Huko ndiko anakokaa mjomba wangu, kaka yake mama. Mwanzoni mwa Machi 2025 nilikuwa na siku kumi za likizo zinazotaka kuisha muda wake, naye akanipigia simu.

"Mjomba," akasema (sisi tunaitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba), "kila siku unaandika habari za mpira wa Taifa. Njoo siku moja uone mpira unavyotazamwa kwetu. Tarehe 8 nina watu."

Tarehe 8 Machi 2025, nadhani mnaikumbuka. Yanga na Simba, mzunguko wa pili, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mhariri wangu alinishangaa. "Wenzako wanapigania kuingia uwanjani, wewe unakwenda Sumbawanga? Unakwenda kuwasaidia kamati ya ufundi?" Mnajua utani wa Sumbawanga, sina haja ya kuueleza. Nikamwambia narudi na stori.

Mjomba ana kibanda umiza. Wale wa ushuani mnaotazamia mpira kwenye sofa, kibanda umiza ni banda la kuonyeshea mpira na sinema. La mjomba limezungushiwa mabanzi, limeezekwa kwa bati, ndani kuna mabenchi marefu, mbele kuna televisheni imefungwa kwenye kijisanduku cha chuma chenye kufuli utadhani ni mfungwa. Juu ya bati kuna dishi. Nyuma kuna jenereta dogo, kwa sababu umeme una tabia ya kukatika dakika ambayo mpigaji anatenga mpira wa adhabu. Kiingilio cha mechi ya kawaida ni shilingi 500. Siku ya watani ni 1,000.

Usidhani mjomba anatajirika. Usiku ule nilipofika alinitolea daftari lake. Kuna kulipia kifurushi kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake. Kuna petroli, ambayo huko bondeni bei yake si ya Dar. Kuna kijana wa mlangoni. Kuna benchi zinazovunjwa kila Simba au Yanga inapofunga, na benchi zinazovunjwa kila inapofungwa. Mwezi wenye mechi kubwa anapumua. Mwezi wa kalenda ya mataifa, au mwezi ambao ligi imesimama kupisha jambo fulani, anatoa pesa ya mpunga kulipia televisheni.

"Kwa hiyo hii ya Jumamosi," akaniambia, "ndiyo inalipa madeni ya Januari."

Kwa mechi ile alikuwa amefanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, aliuza tiketi mapema. Karatasi za daftari la shule zimekatwa vipande vipande, kila kimoja kimegongwa muhuri wa duka la rafiki yake. Zilikuwa zimeisha tangu Alhamisi. Mke wa mjomba alikuwa ameandaa sambusa, karanga, na samaki wa ziwani wa kukaanga. Kreti za soda zilikuwa zimepangwa mpaka chumbani nilikolala.

Sasa asubuhi ya Jumamosi nafungua simu, na mnajua nilichokikuta. Simba walikuwa wametoa taarifa kwamba hawatacheza. Walisema usiku wa kuamkia siku hiyo walikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, kama kanuni za ligi zinavyompa haki mgeni, wakazuiwa kuingia na watu waliodaiwa kuwa wa ulinzi wa Yanga. Yanga nao wakasema wao wapo, mechi ipo, watakwenda uwanjani. Nikamwambia mjomba. Akanitazama kama daktari aliyekosea kusoma kipimo.

"Hao wanatishana tu. Kila mwaka wanatishana."

Nikaona naye ana hoja. Lakini mimi nilikuwa na kumbukumbu ya tarehe 8 Mei 2021. Mnaikumbuka ile? Mechi ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa mpaka saa 1 usiku siku ileile, Yanga wakapeleka timu kwa muda wa mwanzo, wakasubiri, wakaondoka zao, na watu waliojaa uwanjani wakaambiwa mechi imeahirishwa. Ikaja kuchezwa tarehe 3 Julai, Zawadi Mauya akafunga, Yanga wakashinda 1-0. Nilikuwa chuoni wakati ule. Nilitumia nauli ya wiki nzima kwenda uwanjani siku ya Mei, na Julai sikuwa na hata ya kwenda kituoni. Kwa hiyo mimi ninajua kwamba vitisho vya watani hutimia.

Mchana watu wakaanza kuingia Muze. Hapa nataka mnielewe, kwa sababu ndiyo sababu ya safari yangu yote. Sisi wa mjini mechi ikiahirishwa tunalaani, tunaagiza kinywaji kingine, tunahamisha chaneli. Kule watu walikuja kwa bodaboda wanne wanne, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu kwenye tope la Machi. Walikuwapo wavuvi waliotoka ziwani. Walikuwapo vijana wa Kisukuma wanaochunga huko mbugani, wamevaa jezi za kijani na za rangi nyekundu juu ya mashuka yao. Mzee mmoja alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani kwa sababu mgongo wake hauwezi benchi.

Na taarifa ya Bodi ya Ligi ikatoka wakiwa njiani. Mechi imeahirishwa, suala linachunguzwa, tarehe mpya itatangazwa.

Niliisoma mara tatu. Nikampigia mwenzangu wa dawati la michezo, akathibitisha huku nyuma yake nasikia kelele za newsroom nzima. Kisha nikatoka nje kumwambia mjomba, na watu wakawa wamenizunguka kwa sababu walishaambiwa kwamba mimi ni mwandishi kutoka Dar. Nikawaeleza. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa: "Sasa kaka, wewe uko karibu nao, huwezi kuwapigia wakabadilisha?"

Sikuwa na la kumjibu.

Nusu ya watu hawakuamini. Wakasema simu zinadanganya, tuwashe televisheni. Mjomba akawasha, tukaingia ndani, kibanda kikajaa pomoni, jasho na harufu ya samaki. Kwenye kioo watangazaji walikuwa wanaijadili taarifa ileile. Yanga walikwenda uwanjani kweli, wakapasha misuli moto. Halafu ikaja mapumziko ya matangazo. Benki. Simu. Sabuni. Kubeti. Bia. Kubeti. Kinywaji cha kuongeza nguvu. Kubeti tena, safari hii na kijana anarukaruka kwa furaha kwa sababu ameshinda mamilioni akiwa amekaa kitandani. Wakarudi studio dakika mbili, wakaenda tena kwenye matangazo.

Yule mzee wa kiti akasema kwa sauti: "Mpira wameuahirisha, matangazo wameshindwa kuahirisha?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliokosa cha kufanya. Baada ya hapo ikaanza kazi ya kurudisha pesa, nami sitaielezea yote kwa heshima ya mjomba. Niseme tu kwamba sehemu ya pesa za tiketi ilishakuwa petroli, sukari na soda, na kwamba wapo waliokubali kulipwa kwa soda, na wapo waliokataa. Mpaka saa 3 usiku mjomba alikuwa bado mlangoni na daftari lake. Yule mzee hakudai. Alijitwika kiti chake akaondoka.

Sasa nije kwa dogo.

Mjomba ana mtoto wa kiume, alikuwa kidato cha tatu, miaka 17. Tangu nimefika alikuwa ananifuata nyuma kama kivuli. Ananiuliza fulani ni mtu wa namna gani, nimeshawahi kumshika mkono kocha yupi. Usiku ule sote tulipokuwa tumenyong'onyea, yeye alikuwa amenyong'onyea kupita kiasi. Nikamkuta nyuma ya kibanda karibu na jenereta.

"Vipi dogo, Simba wako watacheza siku nyingine."

"Si hivyo, kaka." Akanyamaza. "Mkeka umechanika."

Nikadhani natania naye. Kumbe amebeti mechi sita. Ya watani ilikuwa mojawapo. Kwa kawaida mechi isipochezwa kampuni huifuta kwenye mkeka na zilizobaki zinaendelea, kwa hiyo si derby iliyomuumiza. Timu nyingine huko Ulaya ndiyo ilimwangusha, timu ambayo yeye na mimi hatuwezi hata kuonyesha mji wake kwenye ramani. Alikuwa ameweka shilingi 30,000. Namba ya simu ni ya rafiki yake mkubwa, kwa sababu yeye sheria haimruhusu mpaka afikishe miaka 18. Na zile 30,000 zilikuwa pesa za shule, za chakula na michango, ambazo mama yake alimpa Alhamisi baada ya kuuza mpunga, azipeleke Jumatatu.

"Nani alikudanganya uweke pesa yote?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne. Magazeti Muze hayafiki kila siku, hilo lilikuja na basi, na yeye alikuwa amekata ukurasa mmoja tu. Akakikunjua akaniwashia tochi ya simu.

Ulikuwa ukurasa wangu. Jina langu hapo juu, picha yangu ndogo nikitabasamu kama mtu anayejua mambo. Mechi za wikiendi, nani atashinda, kwa nini. Chini yake, nusu ukurasa, tangazo la kubeti lenye rangi zilezile na mechi zilezile, limepangwa hivi kwamba usipokuwa makini hujui utabiri wangu unaishia wapi na tangazo linaanzia wapi.

"Zote sita nilifuata zako," dogo akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba alifuata maelekezo ya daktari.

Jamani. Mimi utabiri ule nauandika Alhamisi mchana kati ya chai na kikao cha habari. Dakika 40. Natazama msimamo, natazama mechi tano za mwisho, nikikwama nauliza mwenzangu wa meza ya jirani, "Hawa wa leo wanashinda?" naye anajibu bila kuinua kichwa. Sijawahi kubeti kwa utabiri wangu mwenyewe. Nilidhani kila mtu anajua kwamba ule ni mchezo.

Nilimpa dogo 30,000. Nikamwambia asirudie, na nikamwahidi kwamba sitamwambia baba yake. Nilijisikia mkubwa na mwema, niliyemaliza tatizo.

Usiku ule mimi na mjomba tulikaa nje mpaka usiku mkubwa, mbu wanatula. Akanisimulia zama za redio. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, mtaa mzima unakuwa na redio moja ya betri, inawekwa juu ya kinu, na betri zinaanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Walikuwa hawaioni picha yoyote, lakini waliona kila kitu, mtangazaji alikuwa anawachorea. Anasema tarehe 6 Mei 2012 Simba walipowafunga Yanga 5-0 alikuwa bado ni mtu wa redio, akaizima bao la nne akaenda kulala, na mpaka leo anadai yeye alifungwa nne.

"Siku ile ya redio," akasema, "tangazo lilikuwa linasomwa, halafu mpira unaanza. Sasa siku hizi tangazo liko kifuani kwa mchezaji, liko ukutani kwa uwanja, liko kwenye jina la ligi, na mpira ukichelewa kidogo kutoka nje kioo kinafinywa tangazo linaingia pembeni. Juzi kipindi cha pili kilianza sisi tunaonyeshwa sabuni. Watu wakanidai mimi, kana kwamba sabuni ni yangu."

Nikamwambia, mjomba, lakini bila hayo matangazo wewe usingekuwa na kibanda. Na hili nalisema hapa pia, kwa sababu si haki kulalamika upande mmoja. Mei 2021 TFF ilisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo Benki ya NBC ikachukua jina la ligi kwa shilingi bilioni 2.5 kwa msimu. Kwa klabu kubwa hizo ni pesa, kwa klabu ndogo hizo ni uhai. Wengi wenu hamkumbuki timu zilizokuwa zinasafiri kwa kuchangishana, zinalala kwenye madarasa ya shule. Huko huko Rukwa, msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons waliufanya Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga kuwa nyumbani, na Oktoba 2020 wakamfunga Simba bao 1-0 pale pale. Mjomba alipanda mlima siku ile kwenda kushuhudia. Anasema ndiyo mara pekee aliyoona Simba bila tangazo pembeni, na akafurahi mara mbili kwa sababu yeye ni Yanga.

Pesa lazima itoke mahali. Swali ni inatoka mfukoni mwa nani. Zamani kifua cha Simba na Yanga kilikuwa na bia, Kilimanjaro. Mei 2017 ikaja SportPesa kwa klabu zote mbili. Mwaka 2022 Simba wakaenda M-Bet kwa mkataba wa miaka mitano uliotajwa kuwa wa shilingi bilioni 26.1, Yanga wakabaki SportPesa kwa mwingine wa miaka mitatu, bilioni 12.3. Ni biashara halali, ina leseni, inalipa kodi. Lakini bia ukiitangazia, mtoto wa kidato cha tatu lazima aende baa anywe, na huko wataona sura yake. Hii nyingine inamfuata mpaka nyuma ya jenereta.

Wenzetu huko duniani nao wamelipigia kelele. Uingereza, tangu Agosti 2019 kampuni zenyewe zilikubaliana kutotangaza kubeti wakati wa mchezo wa moja kwa moja kabla ya saa 3 usiku, kuanzia dakika 5 kabla ya kuanza mpaka dakika 5 baada ya kwisha. Aprili 2023 klabu za Premier League zikakubaliana kuiondoa mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Italia walipiga marufuku matangazo hayo kwa sheria mwaka 2018. Hapo jirani Kenya, mwishoni mwa Aprili 2025, mamlaka yao ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Sisemi tuige kila kitu. Nasema hata waliotuletea mchezo wenyewe wamegundua kwamba kuna kitu hapa.

Nikarudi Dar. Stori niliyomwahidi mhariri niliiandika, ya kibanda na ya mzee mwenye kiti. Ya dogo sikuiandika. Ijumaa iliyofuata nikakaa, nikaandika utabiri wangu kama kawaida. Na iliyofuata. Nilikuwa najiambia kwamba mtu mzima na pesa yake anajua anachofanya.

Ile mechi nayo mnajua ilivyozunguka. Yanga wakasema hawachezi, wakaenda mpaka CAS, wakaambiwa warudi kwanza kwenye vyombo vya nyumbani. Ikapangwa tarehe 15 Juni, ikasogezwa mpaka 25. Katikati hapo Simba wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufungwa na RS Berkane jumla ya mabao 3-1. Bodi ya Ligi yenyewe ikayumba, mwenyekiti akajiuzulu. Na ikawa mechi ya Machi imegeuka kuwa ya mwisho ya msimu, na ya ubingwa, Yanga pointi 79 na Simba 78. Nilisema moyoni, hata mwandishi wa tamthilia asingethubutu.

Tarehe 25 Juni nilikuwa uwanjani, waamuzi walitoka Misri. Pacome Zouzoua akafunga kwa penalti, Clement Mzize akamalizia, 2-0, ubingwa wa nne mfululizo na wa 31 kwa Yanga. Nilipomaliza kutuma ripoti nikampigia mjomba kumpongeza. Nilitegemea kelele. Kulikuwa kimya.

"Vipi, kibanda hakikujaa?"

"Kimejaa. Pesa ya Machi imerudi." Akasita. "Mjomba, hivi wewe ulijua kuhusu huyu mtoto?"

Dogo hakuacha. Zile 30,000 zangu zilifika shuleni, hilo alilitimiza. Lakini Mei aliuza simu ya mama yake akasema imeibwa. Mwezi wa sita ukakosekana mfuko wa mpunga. Rafiki mwenye namba ndiye aliyesema, baada ya kubanwa. Na katika kubanwa huko ikatoka habari ya kwamba kaka wa Dar, yule wa gazetini, analijua jambo hili tangu siku ya mechi iliyoahirishwa.

"Nilimpa pesa, mjomba. Nilidhani yameisha."

"Ungeniambia Machi," mjomba akasema. Hakupandisha sauti. "Machi ilikuwa 30,000."

Hayo tu. Akanishukuru kwa kupiga simu, akasema watu wanamsubiri afunge, akakata.

Wiki ile nikaenda kwa mhariri nikamwambia ukurasa wa Ijumaa siuandiki tena. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mzuri na sitaki mfikirie vinginevyo. Akaniuliza: "Unajua lile tangazo la chini linalipa mishahara ya watu wangapi humu ndani?" Nikasema najua, na wangu umo. Akasema, "Basi ataandika mwingine." Nikasema sawa. Anauandika mwenzangu wa meza ya jirani, yule asiyeinua kichwa. Tangazo liko palepale. Kwa hiyo msinipigie makofi, sijabadilisha chochote isipokuwa jina la juu.

Nilimwandikia dogo barua, ya mkono, nikaituma kwa dereva wa basi. Nilimweleza jinsi utabiri ule unavyoandikwa, dakika 40, chai, meza ya jirani, kila kitu. Nilimwambia yule kijana anayerukaruka kitandani kwenye televisheni amelipwa aruke. Nilimwomba msamaha. Sijui kama aliisoma. Mjomba ananiambia kwamba siku za mechi humkalisha karibu yake mlangoni, anakusanya kiingilio na kuandika kwenye daftari, na matangazo yakianza hupunguza sauti mpaka mpira urudi. Wateja walilalamika mwanzoni, sasa wamezoea. Wakati wa kimya hicho wanabishana wenyewe kuhusu offside.

Mshkaji wangu wa kijiweni, hilo ndilo jibu lako. Na nyinyi wengine ambao mna dogo nyumbani anayekariri majina ya timu za daraja la pili la huko Ulaya, leo jioni mkae naye, mumuulize anazijulia wapi.